Jinsi ya Kuzuru Misikiti na Monasteri za Kale za Kosovo katika Mzunguko Mmoja

Kosovo ina eneo lisilofika kilomita za mraba 11,000, na miji yake mingi mikubwa haizidi mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mji mkuu wa Prishtina. Ndani ya eneo hilo dogo imo misikiti iliyoanzishwa na masultani wa Dola ya Uthmaniya tangu mwishoni mwa karne ya 14, na zimo monasteri za Kanisa la Orthodoksi la Serbia zilizojengwa na wafalme wa ukoo wa Nemanjić kabla ya masultani hao kufika. Wageni wengi huzigawa: kundi moja huja kwa ajili ya monasteri na kuipita misikiti likiwa ndani ya gari, na kundi jingine hufanya kinyume chake. Mwongozo huu unapendekeza mzunguko mmoja wa Prishtina, Prizren, Gjakova, Deçan na Peja, ambao kila mji hutazamwa pamoja na nyumba zake zote za ibada. Majengo haya yamepokezana mawe, wamiliki na hata dini, kwa hiyo anayetazama upande mmoja huondoka na nusu ya habari. Siku tano zinatosha, ingawa sita humwezesha mtu kuketi na kutazama bila kuhesabu saa.

Hatua ya kwanza: Karatasi za safari na mpaka wa kuingilia

Kosovo ilijitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008, na Serbia haijautambua uhuru huo hadi leo. Msafiri huipata athari ya jambo hili mpakani. Mtu akiingia Kosovo kupitia Albania, Masedonia Kaskazini, Montenegro au uwanja wa ndege wa Prishtina, kisha akataka kuvuka kwenda Serbia, maofisa wa Serbia wanaweza kumrudisha, kwa kuwa kwa hesabu yao ameingia nchini mwao bila kupita kituo wanachokitambua. Anayetaka kuziona nchi zote mbili basi aanzie Serbia, aingie Kosovo kwa kutokea huko na arudi kwa njia hiyohiyo. Asiye na haja ya kwenda Serbia ana uhuru zaidi, na kwake njia rahisi ni kuingia kwa ndege Prishtina au kwa basi kutoka Tirana au Skopje.

Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aulizie viza mapema, na asitegemee habari za mwaka uliopita, maana mahusiano bado yanaendelea kujengwa. Kenya, kwa mfano, iliitambua Kosovo mnamo Machi 2025. Anayeishi Ulaya au mwenye viza ya Schengen aulize ubalozini kama hati yake inamruhusu kuingia bila viza nyingine. Fedha inayotumika ni euro, na ni vyema kubeba noti ndogo na sarafu, kwani mishumaa ya kanisani, sadaka ya msikitini na nauli za mabasi madogo hulipwa taslimu.

Hatua ya pili: Andika majina yote mawili

Kila mahali pana jina la Kialbania na jina la Kiserbia: Peja ni Peć, Gjakova ni Đakovica, Deçan ni Dečani. Yaandike yote mawili kwenye daftari kabla ya kuondoka, kwa sababu ramani moja hutumia hili na nyingine lile, na vibao vya barabarani mara nyingi huwa na jina moja lililofutwa kwa rangi. Ukiwa mitaani au ndani ya teksi tumia jina la Kialbania na ushukuru kwa kusema faleminderit. Ukiwa ndani ya ua wa monasteri tumia jina la Kiserbia na useme hvala. Wapo watakaouona huu kuwa unafiki. Kwa maoni yangu ni adabu ya mgeni tu, na inamwepusha na mjadala ambao hakusafiri kwenda kuuamua.

Hatua ya tatu: Mavazi, saa za kufika na adabu

Wanaume wavae suruali ndefu, na wanawake wavae nguo inayovuka magoti na kufunika mabega. Doti moja ya kanga katika mkoba humtosheleza mwanamke kwa safari nzima, kwa kuwa kipande kimoja hufunika kichwa na kingine hufungwa kiunoni pale inapobidi. Msikitini viatu huvuliwa mlangoni. Kanisani havivuliwi, lakini mwanamume huvua kofia. Picha ndani ya monasteri kwa kawaida zimekatazwa, hata bila mwako wa kamera, na katazo hilo liheshimiwe bila kubembeleza. Msikitini muulize mtunzaji kwanza, na usimpige picha mtu aliye katika sala.

Misikiti mingi ya kale hufungwa kati ya sala na sala. Saa nzuri ya kufika ni dakika chache baada ya sala ya adhuhuri au alasiri, wakati waumini wanapotoka na mtunzaji bado yupo na funguo zake. Siku ya Ijumaa mgeni asiyeswali asubiri hadi mchana upite, na Jumapili asubuhi asiende monasterini kutalii, kwani hiyo ni saa ya liturujia, isipokuwa awe tayari kusimama kimya hadi ibada iishe. Kanisa la Serbia hufuata kalenda ya Juliani, hivyo Krismasi yake huangukia tarehe 7 Januari. Tarehe 28 Juni, siku ya Vidovdan, umati mkubwa hukusanyika kwenye monasteri ya Gračanica na kwenye mnara wa ukumbusho wa Gazimestan, karibu na Prishtina, kukumbuka vita vya mwaka 1389 kati ya Waserbia na Waothmani, na ulinzi huwa mkali; mtalii achague siku nyingine.

Kwa Mwislamu kutoka mwambao wetu kuna jambo moja la kufahamu. Waislamu wa Balkani hufuata madhehebu ya Hanafi, kwa hiyo katika sala ya alfajiri imamu hasomi kunuti, na «amina» baada ya Fatiha husemwa kimyakimya. Aliyelelewa katika ufuasi wa Imamu Shafi asishtuke akijikuta yeye peke yake ameipaza sauti. Wanawake mara nyingi huswali juu, kwenye roshani ya mbao iliyo upande wa mlango.

Hatua ya nne: Prishtina na Gračanica katika siku moja

Prishtina kwa sehemu kubwa ni mji wa saruji wa karne ya 20, na mabaki ya mji wa kale yamejikusanya mahali pamoja, kaskazini mwa katikati ya mji. Anzia Msikiti wa Çarshi, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1389 chini ya Sultani Bayezid wa Kwanza, kisha tembea dakika chache hadi Msikiti wa Mfalme, uliojengwa mwaka 1461 kwa amri ya Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopoli. Simama chini ya kuba yake na uangalie jinsi kuba moja inavyofunika chumba chote cha sala bila nguzo katikati. Ni mpango ambao utauona tena Prizren na Gjakova, kwa hiyo inafaa kuuzoea hapa. Mwishoni mwa karne ya 17, jeshi la Austria lilipoushika mji kwa muda mfupi, msikiti huu uligeuzwa kuwa kanisa la Kikatoliki, na baadaye ukarudi kuwa msikiti. Huo ni mfano wa kwanza wa mabadiliko ambayo mzunguko huu utakuonyesha mara kwa mara.

Alasiri chukua teksi au basi kwenda Gračanica, kijiji cha Waserbia kisichozidi kilomita kumi kutoka Prishtina. Kanisa la monasteri lilijengwa kwa amri ya Mfalme Milutin na kukamilika mwaka 1321. Kabla ya kuingia, lizunguke kwa nje na utazame jinsi kuta zilivyopangwa kwa zamu za mawe na matofali, na jinsi paa zinavyopanda ngazi kwa ngazi hadi kuba tano. Ndani ni kwembamba na kurefu kuliko mtu anavyotazamia. Tafuta tao ambalo mfalme amechorwa upande mmoja ameshika mfano mdogo wa kanisa hili, na mkewe Simonida, binti wa mfalme wa Bizanti, upande wa pili. Macho ya malkia yamekwanguliwa. Karibu na hapo kuna mzabibu mrefu uliochorwa ukutani ambao matawi yake yamebeba watu wa ukoo wa Nemanjić. Ukumbuke vizuri, maana utaukuta tena Deçan na Peja, na kuilinganisha michoro hiyo mitatu ni sehemu ya raha ya safari. Watawa wa hapa ni wanawake.

Hatua ya tano: Prizren, na siku mbili zake

Mji huu usipewe siku moja. Siku ya kwanza iwe ya kuutembea kwa miguu, na ya pili iwe ya yale yanayohitaji ruhusa na ufunguo. Mwezi Agosti tamasha la filamu la DokuFest hujaza nyumba za wageni, kwa hiyo atakayekwenda wakati huo aweke nafasi mapema.

Anzia kwenye uwanja wa Shadervan, penye chemchemi ya mawe, uvuke Daraja la Mawe. Daraja hilo lilisombwa na mafuriko mwaka 1979 na kujengwa upya miaka michache baadaye, ingawa wauzaji wa kumbukumbu hawalitaji jambo hilo. Juu ya barabara umesimama Msikiti wa Sinan Pasha wa mwaka 1615, wenye kuba moja na mnara mwembamba uliochongoka. Pamoja na mapambo ya rangi yaliyo ndani ya kuba, tazama mawe yenyewe ya kuta: yamechongwa kwa ustadi, na inaelezwa kwamba sehemu yake ilitolewa katika magofu ya Monasteri ya Malaika Wakuu iliyo kwenye korongo la mto uleule unaopita chini ya Daraja la Mawe, mwendo wa kilomita tatu hivi juu ya mji. Monasteri hiyo ilijengwa na Stefan Dušan, mtawala wa Serbia, katikati ya karne ya 14 ili iwe mahali pa kaburi lake. Siku ya pili asubuhi panda korongo hilo kwa miguu au kwa teksi uende kuiona misingi yake iliyobaki, huku ukikumbuka kuta ulizozigusa jana. Hakuna maelezo ya kitabuni yatakayokupa picha hiyo kama matembezi hayo mafupi.

Kanisa linalostahili muda mrefu zaidi ni lile la Mama wa Mungu wa Ljeviš, lililojengwa upya kwa amri ya Milutin mwaka 1306 hadi 1307. Liko katika mitaa ya chini ya mji, aghalabu limefungwa na lina ulinzi wa polisi, kwa hiyo omba kufunguliwa siku moja kabla, kupitia mapadri wa Kanisa la Mtakatifu Georgi mjini humo. Utakapoingia, jipe muda macho yazoee giza, kisha yatazame maelfu ya vishimo vidogo katika michoro ya ukutani. Wakati wa Uthmaniya kanisa lilifanywa msikiti, na mafundi waliigonga michoro kwa nyundo ili lipu mpya ishike. Lipu hiyo iliwaficha watakatifu hadi warekebishaji wa miaka ya 1950 walipoibandua. Ukutani pia kuna mstari wa shairi la Kiajemi ulioandikwa na mtu aliyependezwa na uzuri wa mahali hapa. Mwezi Machi 2004, katika ghasia zilizoenea nchi nzima, kanisa lilichomwa moto, na mabaki ya masizi yanaonekana. Karne 7 za mji zimo katika chumba hiki kimoja, na nadhani hapa ndipo mahali pa lazima kuliko pote katika mzunguko huu, hata kwa mtu mwenye siku moja tu nchini.

Kinachobaki mjini hakihitaji maelezo mengi. Msikiti wa Gazi Mehmed Pasha wa karne ya 16 uko karibu na majengo ya Umoja wa Prizren, mahali ambapo viongozi wa Kialbania walikutana Juni 1878. Hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya pasha huyohuyo, yenye kuba nyingi ndogo, iko jirani. Zipo pia zawia za tarika, zikiwemo za Halveti na Rifai. Msomaji wa Zanzibar au Lamu aliyezoea jina la Rifai hatakuwa mgeni kabisa, lakini abishe hodi na asubiri kukaribishwa, kwa kuwa hizi ni nyumba za watu na za dhikiri.

Hatua ya sita: Gjakova

Kutoka Prizren hadi Gjakova ni chini ya kilomita arobaini. Kama unatumia teksi, mwombe dereva asimame kwenye Daraja la Washonaji, daraja refu la mawe juu ya mto Erenik ambalo chama cha mafundi cherehani wa Gjakova kililigharamia ili bidhaa zao zipite. Mjini, uliza Çarshia e Madhe, soko kuu la kale, na katikati yake utaukuta Msikiti wa Hadum, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na Hadim Sulejman Aga. Ndani, michoro ya rangi ya karne zilizofuata ina miti, maua na majengo, jambo ambalo humshangaza aliyezoea kuta nyeupe za misikiti ya mwambao.

Soko na sehemu ya juu ya mnara viliharibiwa katika vita vya mwaka 1999 kati ya majeshi ya Serbia na Waalbania wa Kosovo, wakati zaidi ya misikiti 200 ya Kosovo ilipoharibiwa au kubomolewa. Zawia ya Wabektashi, tarika nyingine ya Kisufi, ya mji huu nayo ilichomwa pamoja na maandishi yake ya kale. Lakini uharibifu haukuishia kwenye vita. Baadhi ya mashirika ya misaada kutoka Ghuba yaliyokuja kukarabati misikiti yaliondoa makaburi ya kale na majengo ya pembeni, yakiyaona hayafai kidini, na wahifadhi pamoja na wenyeji walipinga. Kwa hiyo unapotembea uani mwa Hadum, yatazame kwa makini mawe ya makaburi yaliyobaki, yenye vilemba vilivyochongwa juu yake, kwani kubaki kwake si jambo la bahati tu.

Hatua ya saba: Monasteri ya Visoki Dečani

Mji wa Deçan uko kilomita 20 hivi kaskazini mwa Gjakova, na monasteri iko kilomita mbili juu yake, kwenye bonde lenye misitu ya chesnati. Hii ndiyo monasteri pekee nchini ambayo bado inalindwa na askari wa KFOR, kikosi cha kulinda amani cha NATO, wengi wao Waitalia. Kwenye kizuizi utaacha pasipoti na kupewa kadi, kwa hiyo usije na nakala peke yake. Usishangazwe na magari ya kivita. Askari huzungumza na wageni kwa upole, na utaratibu huchukua dakika chache. Watawa hupumzika mchana, kwa hiyo fika asubuhi baada ya ibada au alasiri.

Kanisa lilianzwa mwaka 1327 na Mfalme Stefan Uroš wa Tatu, na kukamilishwa mwaka 1335 na mwanawe Dušan. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Vita wa Kotor, mtawa wa Kifransisko, na ndiyo sababu kwa nje linafanana na makanisa ya Kikatoliki ya pwani ya Adriatiki, likiwa na mistari ya marumaru ya rangi mbili na sanamu zilizochongwa milangoni, ilhali ndani ni la Kiorthodoksi kwa kila hali. Michoro yake ya karne ya 14 imehifadhiwa karibu yote, na ina sura za watu zipatazo elfu moja. Usijaribu kuziona zote. Anza na mzabibu wa Nemanjić katika ukumbi wa mbele, uulinganishe na ule wa Gračanica, kisha nenda hadi jeneza la mfalme mwanzilishi mbele ya madhabahu. Alhamisi jioni jeneza hilo hufunguliwa na watawa huimba mbele yake. Anayeweza kupanga siku zake afike siku hiyo. Juu, penye mchoro wa Yesu msalabani, jua na mwezi vimechorwa kama watu walio ndani ya miale, na mitandaoni wapo wanaodai kuwa hivyo ni vyombo vya angani. Mtawa aliyeulizwa swali hilo mara nyingi mno huwa na jibu fupi.

Tenga muda wa kuzungumza na watawa, ambao hupokea wageni wa dini zote na wengi wao huzungumza Kiingereza. Wakati wa vita vya 1998 na 1999 monasteri hii iliwahifadhi raia, Waalbania wakiwemo. Mgogoro wake na halmashauri kuhusu hekta 24 za ardhi uliamuliwa na Mahakama ya Katiba ya Kosovo mwaka 2016 kwa upande wa monasteri, lakini uamuzi huo ulitekelezwa mwaka 2024 tu. Duka dogo lililo langoni huuza divai na asali, na fedha hizo huwasaidia watawa moja kwa moja.

Hatua ya nane: Peja

Kutoka Deçan hadi Peja ni kilomita 15 hivi kwa basi dogo. Mjini, sokoni, kuna Msikiti wa Bajrakli wa mwaka 1471, ambao zamani ulipandisha bendera ili misikiti mingine ijue wakati wa sala. Uliungua mwaka 1999 na umekarabatiwa. Ukiwa umeshauona ule wa Prishtina na ule wa Gjakova, nusu saa inatosha.

Makao ya kale ya patriaki, yaani kiongozi mkuu wa Kanisa la Serbia, yako magharibi mwa mji, kwenye mlango wa korongo la Rugova, mwendo wa nusu saa kwa miguu kando ya mto. Polisi wa Kosovo wataangalia kitambulisho chako. Kinachoonekana kama kanisa moja jekundu ni makanisa matatu ya karne ya 13 na 14 yaliyounganishwa na ukumbi mmoja wa mbele, na la nne, dogo, limejibanza upande wa kusini. Ingia kwanza katika lile la Mitume Watakatifu, ambalo ni kongwe zaidi, kisha uhamie mengine. Ukianza na mengine, giza lake litakuchosha. Kiti cha upatriaki kilisimamishwa mwaka 1346, kikafifia baada ya Waserbia kushindwa, na kikarudishwa mwaka 1557 kwa idhini ya Uthmaniya, chini ya Makarije Sokolović, jamaa wa Mehmed Pasha Sokolović aliyekuja kuwa waziri mkuu wa sultani. Kwa vizazi vingi, familia za Kialbania za maeneo haya zilishika dhamana ya kuilinda monasteri hii na ile ya Dečani. Uani umesimama mforosadi mkongwe sana ulioegemezwa kwa nguzo, na chini yake pana kivuli cha kuandikia daftari lako.

Kwa kurudi, mabasi ya Prishtina huondoka Peja mara nyingi kwa siku na huchukua chini ya saa mbili. Anayekwenda Montenegro apande basi la Rožaje, ambalo hupita milimani na huweza kuchelewa kwa theluji kuanzia Novemba. Aliyeingia kwa kutokea Serbia arudi Prishtina na kutokea kituo kilekile cha mpakani alichoingilia, kama kile cha Merdare.